Mirabaha Hugawanywa kwa Majina Yaliyoandikwa

Wanamuziki wa Kampala wakikutana kuzungumzia mirabaha, yaani malipo ya wenye haki kazi zao zinapotumika, mazungumzo hufika upesi kwa wasiolipa: redio inayopiga nyimbo kutwa kucha bila leseni, hoteli inayodai kwamba muziki wake ni wa kuwaburudisha wageni tu, baa ambayo mwenyewe humfukuza mkaguzi mlangoni, na basi la Gulu lenye spika nne ambalo halijawahi kumlipa mtunzi yeyote. Malalamiko hayo yana haki, nami huyasikia karibu kila wiki kwa sababu kazi yangu ni kutunza hesabu na karatasi za studio ndogo na za bendi kadhaa hapa mjini. Hata hivyo, jambo linaloninyima usingizi ni lile linalofuata baada ya malipo. Tuseme kesho asubuhi baa zote za Kabalagala zilipe, na redio zote zilipe, na kampuni za simu nazo zilipe bila kusukumwa. Fedha hizo zitaingia katika akaunti moja, kisha mtu ataketi mbele ya kompyuta na kuuliza ziende kwa nani. Ninavyoijua hali ya makaratasi yetu, sehemu kubwa ya fedha hizo itakwenda kwa kubahatisha.

Tuanze na sheria, kwa sababu wengi wetu tunaibishania bila kuisoma. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Uganda ya mwaka 2006 inatambua kwamba ndani ya wimbo mmoja uliorekodiwa mna haki za watu mbalimbali. Kuna utunzi wenyewe, yaani maneno na melodia, ambao ni mali ya mtunzi hata kama hajawahi kushika maikrofoni maishani mwake. Kuna uimbaji na upigaji wa vyombo, ambao unawapa wasanii watendaji haki zao. Kisha kuna rekodi, ile sauti iliyonaswa, ambayo kwa kawaida humwangukia aliyegharimia na kusimamia kazi ya kuirekodi. Haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Haki huzaliwa pale kazi inapowekwa katika umbo la kudumu, bila sharti la kuiandikisha popote. Kuiandikisha katika Ofisi ya Usajili ya Uganda, ile inayojulikana kwa herufi zake URSB, ni hiari inayosaidia kuthibitisha umiliki mgogoro unapozuka. Chama kinachokusanya mirabaha ya watunzi, UPRS, kilianzishwa mwaka 1985, miaka mingi kabla ya redio binafsi za kwanza, Sanyu na Capital, kuanza kusikika Kampala mwaka 1993.

Kwa hiyo wimbo ukipigwa redioni mara moja, kinachodaiwa ni haki zaidi ya moja, na kila haki ina wenyewe. Hapa ndipo vijana wengi wanaokuja ofisini hukunja uso. Mmoja aliniuliza, kwa adabu kabisa, "Mzee wangu, wimbo si ni wangu? Mimi ndiye niliyeimba." Nilimwuliza nani alitunga maneno. Akasema yaliandikwa na rafiki yake wa Nansana, ambaye alilipwa papo hapo wakamalizana. Nani alitengeneza mdundo? Mtayarishaji, naye alilipwa. Je, kuna karatasi yoyote inayosema kwamba malipo hayo yalikuwa ya kununua haki zote, au yalikuwa ujira wa kazi ya siku ile? Hakuna. Kijana aliondoka akiwa na umaarufu wote wa wimbo huo, na uthibitisho wa umiliki wa kipande kidogo tu kati ya vipande vyake.

Mfano wa karibu zaidi ni wa gitaa. Studio ninayoihudumia ina mpiga gitaa la solo kutoka Kongo ambaye huitwa pale wimbo unapohitaji kuchangamka katikati. Huyu hazungumzi Kiganda vizuri, mwimbaji naye hajui Kilingala, kwa hiyo Kiswahili ndicho kinachoendesha kazi yote: "Rudia hapo, kaka, ila usipande sana." Huingia, husikiliza mara mbili, hupiga, hupokea fedha zake mkononi, kisha bodaboda humchukua kuelekea studio nyingine. Katika daftari la studio kulikuwa na mstari mmoja tu juu yake: gitaa, kiasi cha fedha, tarehe. Jina lake kamili halikuwapo. Faili la wimbo lilipopelekwa kwa wakala wa usambazaji mtandaoni, mahali pa majina ya wapigaji pakaachwa wazi, kwa sababu fomu ilikubali kuendelea bila kujazwa. Sauti ya gitaa lile ndiyo inayowafanya watu wa Katwe wainuke kwenye viti, lakini katika kumbukumbu zote za dunia mtu huyo hakuwahi kuwapo chumbani.

Nchi nyingine zimempangia mtu wa aina hii nafasi yake. Marekani, mirabaha ya rekodi zinazosikika kwenye redio za intaneti na za setilaiti hukusanywa na shirika linaloitwa SoundExchange, na mgao wake umewekwa na sheria: asilimia 50 kwa mwenye rekodi, asilimia 45 kwa msanii mkuu, na asilimia 5 kwa mfuko wa wanamuziki na waimbaji wasio wakuu, yaani wapiga gitaa wa kukodiwa na waitikiaji. Asilimia 45 hiyo hulipwa kwa msanii moja kwa moja, haipitii mfukoni mwa kampuni ya kurekodi, hivyo kampuni haiwezi kuishika kwa kisingizio cha deni. Nasifu mpango huo, ingawa nchi hiyo hiyo haizidai redio zake za kawaida za mawimbi malipo yoyote kwa ajili ya rekodi. Hizo hulipia utunzi peke yake, jambo ambalo wasanii wao wamelipigia kelele kwa miongo mingi bila mafanikio. Mkataba wa Roma wa 1961, katika ibara yake ya 12, ulikwisha kusema kwamba rekodi ya kibiashara ikitangazwa redioni, malipo yenye haki yatolewe kwa wasanii watendaji, au kwa wazalishaji wa rekodi, au kwa wote wawili, na kwamba wasipoelewana, sheria ya nchi inaweza kuweka masharti ya kugawana. Jirani zetu wa Kenya walikwenda kwa njia ya vyama tofauti: watunzi na chama chao, wazalishaji wa rekodi na chao, wasanii watendaji na chao.

Sasa tuingie ndani ya mgao wenyewe, kwa mfano wa kubuni ambao takwimu zake nimezichagua ili hesabu iwe nyepesi. Tuseme redio moja inalipa leseni ya shilingi 6,000,000 kwa mwaka. Chama kinaondoa asilimia 30 ya gharama za kuendesha shughuli, zinabaki 4,200,000. Redio hiyo imepiga nyimbo mara 60,000 katika mwaka huo, kwa hiyo kila mpigo una thamani ya shilingi 70. Wimbo uliopigwa mara 500 umepata shilingi 35,000, na kama una watunzi wawili waliokubaliana nusu kwa nusu, kila mmoja atapokea 17,500. Si fedha ya kujengea nyumba, lakini ina maelezo: mtunzi anaweza kuuliza ilivyopatikana, na chama kinaweza kumwonyesha mstari kwa mstari.

Hesabu hiyo yote imesimama juu ya ile namba 60,000 na orodha iliyo nyuma yake. Orodha hiyo hutoka kwenye kompyuta ya studio ya redio, au kwenye mtambo unaosikiliza matangazo na kuzitambua nyimbo kwa sauti, au kwenye karatasi ambayo mtangazaji hujaza mwisho wa zamu akiwa amechoka. Chama kisipopata orodha ya mwaka mzima huchukua sampuli, tuseme wiki nne, kisha hukisia mwaka mzima kutokana na hizo. Sampuli ya mwezi Mei haitauona wimbo wa Krismasi uliopigwa kila saa mwezi Desemba. Haitaiona pia kwaya ya Pasaka, wala wimbo wa Idi, wala ule uliovuma wiki sita na kunyamaza. Mtunzi wa wimbo wa msimu atapata sifuri, na hakuna aliyemdhulumu kwa makusudi.

Baa na hoteli ni tatizo zaidi, maana hizo hazitoi orodha yoyote. Desturi ya vyama vingi duniani ni kuchukua fedha za mahali pasipo na orodha na kuzigawa kwa kufuata orodha za redio, kwa dhana kwamba kinachopigwa redioni ndicho kinachopigwa baani. Dhana hiyo inaweza kukubalika katika nchi yenye lugha moja na ladha zinazokaribiana. Uganda yetu haiko hivyo. Nenda Arua jioni ukasikilize baa za pale: nyimbo za Kilugbara, za Kilingala, za Kiswahili kutoka Bunia na Nairobi. Nenda Mbarara, nenda Soroti. Ukizigawa fedha za baa hizo kwa orodha ya redio za Kampala, unamtoza mwenye baa wa Arua na kumlipa mwimbaji wa Kiganda ambaye hakusikika humo hata usiku mmoja, huku mtunzi wa mji ule ule akikaa mezani kunywa soda na kusikiliza wimbo wake bure. Wakati mwingine nasikia watu wakidai kwamba wasanii wa mikoani hawapati mirabaha kwa sababu hawajajiunga na vyama. Hiyo ni sehemu ya sababu. Sehemu nyingine ni kwamba hata wakijiunga, mbinu ya kuhesabu haiwaoni.

Kukosekana kwa orodha kukizidi, chama hujikuta kikigawa sawa kwa sawa. Miaka kadhaa iliyopita wasanii wa Kenya walishangaa kupokea kila mmoja shilingi 2,530 za nchi hiyo, awe ni maarufu au asiyesikika kabisa, na kelele zilizofuata zilivuka mpaka hadi kwetu. Mimi nawaelewa waliokasirika, ila nashangaa kwamba hasira ilielekezwa zaidi kwa udogo wa kiasi kuliko kwa ule usawa wake. Mgao unaomlipa kila mtu kiasi kile kile unakiri waziwazi kwamba hakuna aliyejua nani alipigwa mara ngapi.

Vijana wengi huniambia kwamba matatizo haya ni ya zamani, kwamba siku hizi kila kitu kiko mtandaoni na kompyuta haisahau. Kweli kompyuta haisahau, ila hukumbuka tu kile ilichoambiwa. Spotify, ambayo ilifika Uganda mwaka 2021, haina bei maalumu kwa kila usikilizaji. Hukusanya mapato ya nchi, ya matangazo na ya wanaolipia, hutoa takriban theluthi mbili kwa wenye haki, kisha fungu hilo hugawanywa kwa kadiri kila rekodi ilivyochukua sehemu ya usikilizaji wote. Kwa hiyo msikilizaji wa Jinja anayelipia kila mwezi na kumsikiliza mpiga endongo, kinubi cha kienyeji, mmoja tu, fedha zake nyingi huenda kwa nyota wakubwa ambao hajawahi kuwafungua. Tangu 2024, rekodi ambayo haijasikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi 12 iliyopita haipati kitu kutoka fungu la rekodi. Kwa mwimbaji wa lugha yenye wasemaji wachache, kizingiti hicho si kidogo.

Juu ya hayo kuna suala la utambulisho. Kila rekodi hupewa namba yake ya kimataifa, ISRC, yenye herufi na tarakimu 12, na hiyo ndiyo inayofuatwa na mashine zote za malipo. Utunzi una namba yake nyingine, ISWC. Namba ya rekodi haitakiwi kubadilika hata rekodi ikiuzwa kwa mmiliki mwingine. Lakini kwetu msanii akigombana na wakala wake wa kwanza, huichukua rekodi ile ile na kuipakia upya kupitia wakala wa pili, ambaye huipa namba mpya, na tangu hapo wimbo mmoja unaishi kama nyimbo mbili zisizojuana. Ongeza majina: nimeona karatasi za msanii mmoja ambapo jina lake la jukwaani limeandikwa kwa namna tatu, moja ikiwa na herufi ya "K" pale ambapo nyingine ina "C", na jina lake la kitambulisho cha taifa halipo popote. Namba ya utunzi ndiyo kabisa. Katika faili nyingi ninazozipokea haijawahi kuombwa.

Wala tusidhani kwamba uzembe huu ni wetu peke yetu. Marekani ilipoanzisha chombo kipya cha leseni za utunzi kwa majukwaa ya mtandaoni, kwa sheria ya 2018, majukwaa yalikabidhi mwezi Februari 2021 zaidi ya dola milioni 424 zilizokuwa zimelimbikizwa kwa sababu wenyewe walikuwa hawajatambuliwa. Fedha zilikuwapo, wimbo ulikuwa umesikilizwa, aliyekosekana ni jina lililoandikwa sawasawa. Desturi ya vyama vingi ni kwamba fedha za namna hiyo zikikaa miaka kadhaa bila mwenyewe, hugawanywa kwa waliokwisha kutambuliwa, kwa kufuata ukubwa wa sehemu yao sokoni. Asiyejiandikisha humchangia aliyejiandikisha, na mdogo humchangia mkubwa.

Kwa msanii wa Uganda anayeimba kwa Kiswahili jambo hili lina uzito wa ziada. Wimbo wa Kiswahili hautulii hapa. Huvuka Busia na Malaba, hushuka Mutukula hadi Bukoba na Mwanza, huingia Goma. Fedha zake basi hukusanywa na vyama vya nchi hizo, kila kimoja kwa sheria zake, na hurudi kwetu tu ikiwa vyama vina mkataba wa kuwakilishana na ikiwa wimbo umeandikishwa kwa namna ambayo chama cha kule kinaweza kuusoma. Uganda ilijiunga na Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa kulinda kazi za watunzi, mwaka 2022, na hatua hiyo imeupa utunzi wetu msingi imara wa kulindwa nje. Msingi huo hauandiki jina la mtunzi kwenye fomu. Nimewaona wasanii wakirudi kutoka maonyesho ya Nairobi wakiwa na furaha kwamba wimbo wao unapigwa kwenye matatu zote, na nikiwauliza kama wameuandikisha popote, hunitazama kama mtu anayetaka kuharibu sherehe.

Wafu nao wana haki zao katika hesabu hii. Mwanamuziki wetu Philly Lutaaya alifariki Desemba 1989, na kwa sheria ya sasa haki za kiuchumi katika utunzi wake zinaendelea hadi 2039. Kila Krismasi nyimbo zake husikika nchi nzima. Mtunzi akifa, mirabaha huwafuata warithi, na palipo na mjane, watoto wa mama tofauti, na kaka wa marehemu anayeshika funguo za nyumba, chama hakiwezi kumlipa yeyote bila barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Ni karatasi nyingine ambayo familia nyingi hazianzi kuitafuta mpaka wasikie kuna fedha, na wakati huo wameshagawanyika.

Sasa katika studio ninayoihudumia tuna karatasi ya mgao, ukurasa mmoja, inayojazwa kabla mtu hajatoka mlangoni na kabla hajakabidhiwa faili. Ina jina la kitambulisho na jina la jukwaani la kila aliyeshiriki, namba yake ya simu, alichofanya, asilimia yake katika utunzi, kama ana sehemu katika rekodi au amelipwa ujira tu, na sahihi. Tarehe huandikwa juu. Nilipoianzisha, watayarishaji wawili walikataa. Mmoja alisema kwamba kuulizana asilimia kabla wimbo haujavuma ni kuleta mkosi. Mimi naona kwamba wakati huo ndio pekee ambapo watu hugawana kwa upole, maana hakuna bado cha kugombania.

Penye ubishi wa kweli ni nafasi ya mtayarishaji na ya mpiga solo. Mtayarishaji aliyetunga mdundo tangu mwanzo, ambao mwimbaji aliukuta tayari na kuuwekea maneno, kwa maoni yangu ni mtunzi mwenza, hata kama alilipwa fedha za muda wa studio, isipokuwa pawe na maandishi yenye sahihi yanayosema ameuza. Waimbaji wengi hawataki kusikia hivyo. Wanasema wamelipa, na aliyelipa ndiye mwenye mali. Mpiga solo ni mgumu zaidi kuamua. Akipiga alichoelekezwa, ni msanii mtendaji na haki yake iko katika rekodi. Akibuni mwenyewe kile kipande ambacho watu hukiimba kwa mdomo wakitembea, je, hajatunga? Sheria haina kipimo cha jambo hilo, na pale studioni tumekuwa tukiamua wimbo kwa wimbo. Katika wimbo wa mwisho tuliobishania, mwimbaji alikubali kumpa Mkongo wetu asilimia 10 ya utunzi, mtayarishaji akanung'unika kwamba zimetoka upande wake, na yule mpiga gitaa akauliza kama badala ya asilimia hizo angeweza kuongezewa nauli. Tuliandika zote mbili.